Dari ya Bisi Aliyoipiga Duane

Jumamosi, 15 Septemba

Leo dari imeniangukia kwenye supu. Sisemi mafumbo. Nilikuwa nimekaa sebuleni na bakuli langu la supu ya njegere, mara pwa! Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatua katikati ya bakuli na kuanza kulainika kama uji. Nikainua macho. Pale paa lilipovuja theluji ya msimu uliopita ilipokuwa ikiyeyuka, bisi zimefumuka na zinaning'inia.

Ninaziita bisi kwa sababu ndivyo zilivyo: vipunje vyeupe vilivyovimba, vimenyunyizwa kwenye dari kama pambo, nyumba nzima isipokuwa jikoni na bafuni. Mwaka tuliooana, 1976, kila bibi harusi alizitaka. Zetu zina hata chembe za kumetameta. Duane alizinyunyizia mwenyewe, zawadi yangu ya harusi, maana siku hizo alikuwa akifanya kazi hiyo na marehemu baba yake.

Nikamwambia, "Binti yako Britta anahamia hapa Desemba, na Januari kuna mtoto mchanga. Kitu hiki kishuke."

Duane akatazama juu kitambo kirefu. "Kitashuka," akasema. "Nilikipandisha mimi, nitakishusha mimi."

Jumanne, 18 Septemba

Nimepigia simu kampuni ya kushusha dari, kuulizia tu. Wakasema nyumba ya umri huo lazima ipimwe kwanza, huenda kuna asbesto, yale madini ambayo vumbi lake huua mapafu. Duane aliposikia nimepiga simu alinikodolea macho kana kwamba nimeuza gari lake.

"Watu wenye mikono hawaajiri mikono, Marlys."

Huo ndio msahafu wa mji huu. Hapa mwanamume akiita fundi kubadilisha bomba, majirani humuuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia haya, bwana mwenye mikono, na hiyo asbesto je? Akasema atapeleka kipande maabara.

Jumatano, 26 Septemba

"Maabara wamesemaje?"

"Safi."

Neno moja hilo, akaenda zake gereji. Nimeoka keki ya tufaha kusherehekea.

Alhamisi, 4 Oktoba

Kazi imeanza, na mimi nimefukuzwa. Nimefukuzwa nyumbani kwangu! Ametundika nailoni mlangoni mwa sebule, ameibandika kwa gundi kuanzia juu hadi chini kama anafungasha nyumba kuipeleka posta. Ametia maji kwenye pampu ya kunyunyizia dawa ya magugu, amevaa barakoa yenye pua mbili, kisha akaniambia niende kwa Ardis hadi jioni.

Ardis ni jirani yangu wa ubavuni, na mdomo wake hauna mlango. "Shoga, kwani anakwangua dari au anapasua mtu?"

Jumatano, 10 Oktoba

Mvua. Kakwangua kipande cha upana wa meza. Siku nzima, meza moja!

Jumamosi, 13 Oktoba

Sijapata kushangaa hivi tangu nimfahamu. Nimerudi mapema nikamkuta Duane amesimama mbele ya mashine ya kufulia, amevaa chupi tu, anafua nguo zake za kazi. Duane! Mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajui hata sabuni inatiwa wapi. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaruka.

"Usiguse!"

Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kisha akatulia, akasema, "Zimechafuka mno, basi tu." Akaenda kuoga, na nimesikia maji yakitiririka mpaka nikadhani amelala humo.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya ibada tulishuka kunywa kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kama kawaida. Nikamwaga ya moyoni kwa Ardis na Joyce. Joyce ni mjane wa Harold, aliyekuwa rafiki wa Duane toka ujanani. Ni mwanamke mdogo, mpole, hasemi mpaka aulizwe.

Ardis akakaza macho. "Mwanamume anayeanza kufua nguo zake uzeeni ana jambo. Tena anaoga mara mbili kwa siku? Tena hakutaki nyumbani mchana? Shoga, fumbua macho."

"Duane?" nikasema. "Nani atamtaka Duane?"

"Wapo wenye njaa."

Tulicheka. Lakini nyumbani nimenusa shati lake, mimi mtu mzima na akili zangu. Lilinukia sabuni tu.

Jumatatu, 29 Oktoba

Theluji ya kwanza. Sebule na chumba chetu vimekwisha. Bado chumba cha kulia, korido, na chumba cha mtoto. Kwa mwendo huu mjukuu wangu ataota meno bisi zingali juu.

Tumegombana. Nimemwambia mimi nimepika chakula cha watoto mia tatu kila siku ya shule kwa miaka ishirini na sita, na wali wangu haukuchelewa hata siku moja. Nimemwambia tuwaite watu, kama tulivyowasaidia wao kuezeka mapaa na kupaka maghala: wewe unatoa chakula na bia, wao wanatoa mikono. Ndivyo tulivyoishi hapa siku zote.

"Sitaki mtu humu ndani," akasema.

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Siwezi kuishi na mtu wa sitaki tu. Nimelala nimempa mgongo.

Ijumaa, 2 Novemba

Wanaume wote wameondoka. Kesho ni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na hapa mwanamume anaweza kukosa harusi ya mwanawe lakini si siku hiyo. Duane ameondoka na koti lake la rangi ya chungwa na bunduki, atalala kambini mpaka Jumatatu.

Gari lilipokata kona nimempigia Ardis. "Mko tayari?" Akapiga kelele ya furaha. Kesho tunammalizia dari. Akirudi ataduwaa!

Jumapili, 4 Novemba

Ninaandika nikiwa kwa Ardis, kwenye kitanda cha wageni. Sitaki kuacha kitu.

Jana walikuja saa mbili asubuhi. Ardis na ngazi yake, Joyce na sinia la vitafunio vya shayiri na chokoleti, na Britta wangu na tumbo lake la miezi saba. Nilimwambia Britta akae tu atuchekeshe, lakini binti huyo kanirithi, akashika ufagio.

Kitu cha kwanza tulibandua nailoni zote, maana zilituziba hewa. Kitu cha pili, Ardis alitazama ile pampu ya maji akasema, "Ya nini kulowesha? Tutakanyaga matope siku nzima. Kavu inatoka upesi." Na kweli ilitoka. Ukisukuma skrepa ya kukwangulia, bisi zinamiminika kama unga kwenye chekeche. Hatukuwa na barakoa. Joyce alijifunga kitambaa kichwani asiharibu nywele, hiyo ndiyo kinga pekee tuliyokuwa nayo. Tulicheka, tulikohoa, tukacheka kwa sababu tunakohoa. Vumbi lilijaa nyumba mpaka dirisha likawa kama limepata ukungu. Ardis akachukua mashine ya kunyonya vumbi, nayo ikawa inanyonya mbele na kupulizia nyuma. Ilipofika saa sita chumba cha kulia na korido vilikuwa vimekwisha, na chumba cha mtoto nusu. Kazi ya wiki nne ya Duane, wanawake wanne wameila asubuhi moja!

Tukakaa hapo hapo chini kula. Nilikuwa nimetoa trei la viazi na nyama kwenye oveni. Britta alikuwa anafagia mwisho mwisho, mweupe toka utosini hadi kwenye viatu, anaimba.

Ndipo nikasikia gari. Duane alikuwa amepiga kulungu asubuhi ile ile na amemleta kumtundika gereji. Nikawaambia wenzangu, "Shh! Nyamazeni, mumwone atakavyoshangaa."

Mlango ukafunguka. Sote tukapaza sauti, "Eheee!"

Duane alisimama pale, na damu ya kulungu mikononi, na uso wake ukaniogofya. Sijawahi kuona mtu mzima akibadilika rangi namna ile. Alitazama dari. Alitazama sahani zetu. Alimtazama Britta. Kisha akatoa sauti, sijui niiitaje, kama ng'ombe aliyenaswa.

"Tokeni nje! Britta, toka! Toka nje sasa hivi, mwanangu, usivute pumzi!"

"Baba, kuna nini?"

Hakujibu. Alimbeba. Mtu wa miaka sitini na mbili, alimbeba binti yake mjamzito mikononi akatoka naye kwenye theluji, akamweka juu ya baraza, akaanza kumvua sweta, kumpangusa nywele kwa mikono yake yenye damu, huku analia. Duane analia! Hakulia kwenye mazishi ya mama yake.

Nikatoka mbio. "Umerukwa na akili? Atapata baridi!"

"Ni asbesto, Marlys."

"Ulisema ni safi."

"Sikupeleka popote."

Nikakaa kwenye ngazi. Ardis alikuwa amesimama mlangoni, skrepa ingali mkononi.

Hakuhitaji maabara, anasema. Alichanganya yale magunia kwa mikono yake tangu ana miaka kumi na minane, anajua kilichokuwa kimeandikwa juu yake. Ubaya wake ameujua tangu miaka ya themanini, ulipotoka magazetini. Baba yake alimwambia, ukifungua mdomo mji mzima utatushtaki. Akaufunga. Baba yake akafa kwa mapafu, tukasema ni sigara, akaendelea kuufunga. Kampuni ingekuja na vibao vyao vya hatari uani, watu wangeuliza, na dari za mji huu karibu zote ni za mkono wake. Kwa hiyo aliamua kuishusha peke yake, kwa maji, kidogo kidogo.

"Mimi nilishavuta ya kutosha," akasema. "Nilitaka isimguse mwingine."

Na mimi nikakumbuka mashine ya kufulia. Nikamuuliza, "Zile nguo zako za kazi, miaka ile. Nani alikuwa anazifua?"

Akainamisha kichwa. "Wewe."

Nilikuwa nazikung'uta kwanza. Mlangoni, kila jioni, kwa nguvu zangu zote, nikijivunia mume mchapakazi.

Nilimpiga kofi. Mbele ya mwanangu na rafiki zangu. Kisha nikashika mkono wa Britta tukaondoka vile vile, weupe kama mizimu. Nilikuwa ninamdhania mwanamke! Afadhali ingekuwa mwanamke.

Jumanne, 6 Novemba

Duane analala kwenye karavani ya kuwindia, uani. Nyumba imefungwa. Kulungu bado ananing'inia gereji, hakuna aliyemgusa.

Ijumaa, 9 Novemba

Safari hii kipande nilikipeleka mimi. Maabara wamepiga simu leo. Ipo, tena nyingi.

Jumatano, 14 Novemba

Nilikwenda na Britta kwa daktari huko mjini Duluth. Daktari alisema siku moja si sawa na miaka, hatari ni ndogo sana, na mtoto tumboni anaendelea vizuri. "Ndogo sana ni ngapi?" Britta akauliza. Daktari akasema hakuna mtu anayeweza kumpa namba. Ugonjwa huu, ukija, huja baada ya miaka ishirini, thelathini. Fikiria mtu kungoja hivyo.

Garini Britta hakulia. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama, mwambie Baba sileti mtoto kwake."

"Nyumba itasafishwa, mwanangu. Nimeshaita kampuni."

"Sisemi nyumba. Ninamsema yeye. Aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wote, kila dari aliyoipiga. Kuna watu wanakwangua sasa hivi tunavyoongea. Akishasema, nitakuja. Asiposema, mjukuu wake atamwona kwenye picha."

Nilimfikishia Duane maneno hayo, neno kwa neno, kupitia dirisha la karavani. Alikuwa ameshika kikombe kisicho na kitu. "Wewe unasemaje?" akaniuliza.

"Mimi nasema usiponena wewe, nitanena mimi. Na mimi sitaremba."

Alhamisi, 22 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga tumemla kwa Ardis. Ardis mwenyewe alifunika sahani na kumpelekea Duane uani. Akarudi akasema, "Amekonda. Nilitaka kumtukana, nikashindwa." Joyce hakuja, anasema ana mafua. Ninaogopa kila mtu anayekohoa.

Jumamosi, 1 Desemba

Watu wa kampuni wamekuja na nguo zao nyeupe na vibao vyao vya hatari, nyekundu na njano, mbele ya uwanja wetu. Magari yanapita polepole. Wanapunga mkono na hakuna anayesimama kuuliza. Hapa watu wangekufa kabla ya kukuuliza. Duane alitoka karavanini akasimama kando ya vibao, kichwa wazi kwenye baridi, ili kila anayepita amwone. Sikumwelewa. Nadhani alikuwa anajizoeza.

Jumapili, 9 Desemba

Leo amesema.

Ilikuwa kwenye kahawa, ukumbi wa chini, watu labda themanini. Britta alikaa karibu na mlango na koti lake mwilini. Mchungaji alipomaliza matangazo ya Krismasi, Duane akasimama. Mtu ambaye hajapata kusimama kusema hata kwenye harusi yetu. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mnaona vibao nyumbani kwangu," akasema. "Ni asbesto. Iko kwenye dari ya bisi. Mimi na baba yangu ndio tulionyunyizia dari hizo hapa mjini, kuanzia sabini na nne mpaka sabini na nane. Nimejua ubaya wake zamani na nimenyamaza. Msizikwangue. Zikikaa bila kuguswa hazina neno. Hata hii hapa ni yetu."

Ukumbi mzima ukainua nyuso juu, watu themanini, na vikombe mikononi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Ardis ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo isiyo yake: "Na kwangu, Duane?"

"Vyumba vyote viwili vya nyuma. Na korido."

"Na kwetu?" akauliza mzee mmoja.

"Sebule tu. Mkeo alikataa vyumbani."

"Nyumba ya mama yangu?" "Yote." "Ya mwalimu mkuu wa zamani?" "Yote." Walikuwa wanainua mikono kama watoto darasani, na yeye akimjibu kila mmoja, bila kusita, chumba kwa chumba. Miaka arobaini na kitu amezibeba zote kichwani. Nilidhani ninamjua mtu ninayelala naye.

Kisha maswali yakaisha, nami nikashukuru Mungu, nikadhani tumemaliza. Lakini Duane hakukaa. Alikuwa anamtazama Joyce.

"Joyce," akasema. "Kuna Harold."

Joyce akaweka kikombe chini.

"Harold alifanya kazi na sisi msimu mmoja. Kiangazi kimoja, kabla hajaingia posta. Yeye ndiye aliyekuwa anafungua magunia. Alipolazwa Duluth kwa mapafu nilikwenda kumwona, na daktari akaingia nikiwa nimekaa pale. Akamuuliza, umewahi kufanya kazi na asbesto? Harold akasema hapana, mimi ni mtu wa posta. Hakujua, Joyce. Hakujua kilichokuwemo. Mimi nilijua, na nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na kiti hiki. Sikusema."

Hilo hata mimi hakuniambia. Nilikumbuka alivyobeba jeneza la Harold, upande wa mbele, kulia.

Joyce akasema taratibu, kama anayeuliza njia: "Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe vipi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa navuta. Pakiti nzima kwa siku, ndani ya nyumba, majira yote ya baridi, madirisha yamefungwa. Harold hakuwahi kugusa sigara. Miaka kumi na miwili, Duane, nimeamka kila asubuhi nikijua kwamba nimemuua mume wangu. Nimeshindwa hata kumwambia mchungaji."

Kuna mama mmoja aliyeanza kulia meza ya nyuma. Nilimwona Duane anataka kuanguka, na Mungu anisamehe, sikuinuka kumshika.

Joyce ndiye aliyeinuka. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, akachukua mkoba. Tulidhani anaondoka. Akaenda moja kwa moja hadi mbele ya Duane, na kimo chake kinamfika kifuani.

"Una gari?"

"Ninalo."

"Nipeleke makaburini. Nataka umwambie na yeye."

Wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine. Kupitia dirisha tukamwona Duane anamfungulia mlango wa gari, na Joyce anapanda bila kushika mkono aliopewa. Theluji ilikuwa inaanguka nyingi.

Britta alikuja kusimama karibu nami. Alikuwa amevua koti. "Mama," akasema, "Baba akirudi, mwambie chakula cha jioni ni kwangu. Mwambie aje na Joyce, kama Joyce atataka."

Nikaenda jikoni na Ardis kuosha vikombe. Vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa bado vimejaa.